Kufika Chuoni Kabla ya Kuchagua Chuo

Mzee mmoja kutoka Mkoa wa Rukwa alifika ofisini kwetu asubuhi akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa stakabadhi. Alikuwa amesafiri siku mbili. Baada ya kuamkiana alimwita mwenzetu wa mapokezi "mwanangu", akamwomba amsomee taratibu karatasi moja tu, nayo ni barua ya udahili ya bintiye. Barua ilikuwa halali. Chuo kilichoiandika kilikuwa na usajili, na programu ya masomo iliyotajwa ilikuwa na ithibati. Tatizo lilikuwa katika mstari ambao mzee huyo, kama wasomaji wengi, aliupita bila kuutilia maanani: jina la kampasi. Programu ile iliidhinishwa kufundishwa katika kampasi kuu. Binti alikuwa amepokelewa, akalipiwa ada ya muhula na kodi ya chumba, katika kampasi ya mji mwingine ambako programu hiyo haikuwa imeidhinishwa. Picha ya maabara iliyopamba kipeperushi ilikuwa ya kampasi kuu. Kampasi aliyoikuta binti ilikuwa orofa mbili za juu katika jengo la maduka.

Shauri lile lilimalizika kwa binti kuhamishwa, lakini mwaka mmoja ulikuwa umekwisha kupotea, na pamoja nao thamani ya ng'ombe wanne. Tulipomuuliza mzee kama kuna mtu yeyote wa familia aliyefika chuoni hapo kabla ya malipo, alijibu kwamba shemeji yake anaishi katika mji uleule, mwendo wa nauli moja ya daladala. Hakuna aliyefikiri kumtuma.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwombaji wa shahada ya kwanza, na kwa mzazi au mlezi atakayemlipia. Linahusu jambo ambalo familia nyingi huliona kuwa anasa: kufunga safari, kuingia chuoni kwa miguu na kutazama kwa macho kabla ya kuthibitisha udahili na kabla ya fedha kutoka mfukoni. Hakuna mtu makini anayenunua kiwanja kwa kuoneshwa picha. Hukanyaga mipaka, huwauliza majirani, huuliza maji yanapita wapi wakati wa masika. Shahada ya miaka mitatu, minne au mitano huweza kugharimu kuliko kiwanja, wala haiuziki tena iwapo mnunuzi atajuta.

Ithibati inasema nini, na ziara inasema nini

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji wa shahada ya kwanza nchini huwasilisha maombi yao moja kwa moja vyuoni. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2010, maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja. Utaratibu wa sasa umempa mwombaji uhuru mpana zaidi, na uhuru huo umekuja na mzigo wake, kwa kuwa vyuo sasa vinashindana kumvutia. Matangazo ya redioni, vipeperushi vya rangi, vijana waliovaa fulana za chuo wakigawa kalamu katika vituo vya mabasi: yote hayo ni halali, na yote hayo ni matangazo.

Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba programu inayofundishwa ina ithibati. Taarifa hizo zimo katika Mwongozo wa Udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huutoa kila mwaka na kuuweka katika tovuti yake bila malipo. Mwombaji aanzie hapo, tena autazame mwongozo wa mwaka huu, si ule alioachiwa na kaka yake. Hadhi ya chuo hubadilika. Mwaka 2017, kwa mfano, Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza baada ya uhakiki, na waliotegemea mwongozo wa zamani walijikuta wakipeleka maombi mahali ambapo mlango ulikwisha kufungwa. Anayekusudia kusoma astashahada au stashahada atazame miongozo ya NACTVET, kwa maana vyuo hivyo havimo katika mamlaka yetu.

Hata hivyo, ithibati ina mipaka yake, na ni afadhali tuiseme wenyewe. Inathibitisha kwamba mtaala, walimu na vifaa vilifikia viwango vilivyowekwa vilipokaguliwa. Haimwambii binti kama njia ya kutoka maktaba hadi hosteli ina taa saa tatu usiku. Haimwambii kijana kama fundi sanifu wa maabara yupo kila Jumanne au huonekana siku za wageni. Wakaguzi wetu husubiriwa. Wewe hutasubiriwa na mtu, na hiyo ndiyo faida yako. Kinyume chake ni kweli vilevile. Bustani iliyofyekwa vizuri, lango la marumaru na mapokezi yenye kiyoyozi haviwezi kuipa ithibati programu isiyo nayo. Mwombaji anahitaji ushahidi wa aina zote mbili, na mmoja haujazi nafasi ya mwingine.

Wakati wa kwenda

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni la kalenda. Katika miaka ya karibuni mitihani ya kidato cha sita imekuwa ikifanyika mwezi Mei na matokeo kutoka mwezi Julai. Familia nyingi husubiri matokeo ndipo zianze kuulizia vyuo. Kufikia Agosti, vyuo vingi viko katika likizo ndefu. Mgeni huikuta kampasi kimya, mabweni yamefungwa, maabara zina kufuli, na mtu pekee wa kuzungumza naye ni ofisa udahili, ambaye kwa nafasi yake hana budi kukisifu chuo chake. Ziara ya namna hiyo ni bora kuliko kutokwenda kabisa, lakini ni kama kukagua soko siku lisilo la gulio.

Wakati ulio bora ni ule ambapo masomo yanaendelea. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayekwenda likizo ya katikati ya mwaka hupata nafasi hiyo, kwa kuwa vyuo vingi huwa bado katika muhula wa pili. Aliyemaliza kidato cha sita ana majuma machache baada ya mtihani. Iwapo ameitwa katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, mzazi, shangazi au kaka anaweza kwenda kwa niaba yake, akiwa na daftari na maswali yaliyoandikwa na mwombaji mwenyewe. Ziara ifanyike siku ya kazi, ikiwezekana Jumanne au Jumatano. Ijumaa mchana na Jumatatu asubuhi hazina mengi ya kuonesha.

Kampasi ipi hasa?

Kabla ya kukata tiketi, soma tena jina la kampasi. Vyuo vikuu vingi vya nchini vina zaidi ya mahali pamoja pa kufundishia, na jina kubwa la chuo huwafanya watu wafikiri mahali ni pamoja. Mtu anayesema amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huenda atasoma Mlimani. Huenda pia atasoma Chang'ombe katika chuo kishiriki cha elimu, au Mkwawa, ambako ni Iringa kabisa. Chuo Kikuu Mzumbe kina kampasi kuu nje ya mji wa Morogoro kwenye barabara ya kwenda Iringa, na kampasi nyingine Mbeya na Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru, kina pia kampasi ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu, upande mwingine wa mji, mahali palipokuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Mwanafunzi aliyekwenda kutazama mashamba na hospitali ya wanyama akarudi ameridhika, kisha akapangiwa masomo yake Mazimbu, amekagua mahali pasipo pake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho kina Tunguu pamoja na kampasi nyingine za Unguja na Pemba.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ni suala la aina nyingine. Hapo mahali ni pamoja, lakini ndaki zimetawanyika katika eneo kubwa mno hata mtu akiambiwa "ukifika utaona" asione. Uliza ndaki yako iko wapi, bweni lako litakuwa upande gani, na usafiri wa ndani ukoje. Kwa upande wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, makao makuu hayana umuhimu mkubwa kwa mwanafunzi wa Kigoma au Lindi. Mahali pa kutembelea ni kituo cha mkoa wake, kwa sababu ndipo atakapoonana na watu na kupata msaada.

Anayeweza kusafiri mara moja tu apange njia moja yenye vyuo kadhaa. Treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024 imerahisisha jambo hili katika ukanda wa kati. Nauli ya kawaida ilitangazwa mwaka huo kuwa shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma, na miji hiyo mitatu peke yake ina sehemu kubwa ya nafasi za masomo ya juu nchini. Wanaotoka Kanda ya Ziwa au Nyanda za Juu Kusini wasidharau vyuo vya kanda zao kwa sababu tu viko karibu. Ukaribu ni fedha.

Siku yenyewe

Fika mapema, jitambulishe langoni kwa heshima na ueleze nia yako. Vyuo vingi havimkatalii mwombaji anayetaka kutazama, na vingine humpatia mwanafunzi wa kumtembeza. Mpokee, mfuate, mshukuru. Kisha omba muda wa kutembea peke yako katika sehemu zilizo wazi kwa watu wote. Chuo kisichokubali mgeni atembee mita mia bila msindikizaji kimekwisha kukueleza jambo.

Anza na mbao za matangazo. Kwenye ubao utakuta ratiba ya vipindi na matangazo ya kuahirishwa kwa vipindi. Yasome yote mawili. Chagua kipindi kimoja cha programu unayoitaka, keti nje ya ukumbi robo saa kabla ya muda, utazame. Je, mhadhiri alikuja? Wanafunzi walienea, au wengine walisimama madirishani? Kipaza sauti kilisikika nyuma? Nusu saa ya kukaa hapo kimya ina thamani kuliko saa mbili za maelezo ofisini, na haihitaji kibali cha mtu.

Maktabani usitazame ukubwa wa jengo. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa iweze kukaliwa na watu 2,100 kwa wakati mmoja, na ni jambo la kujivunia. Lakini hata hapo swali la mwanafunzi ni kama atapata kiti wiki moja kabla ya mitihani. Katika chuo chochote uliza viti viko vingapi na mlango hufungwa saa ngapi. Kisha nenda kwenye rafu ya somo lako. Fungua kurasa za mwanzo za vitabu vitano, utazame mwaka wa kuchapishwa. Katika fasihi au hisabati kitabu cha zamani hakina ubaya. Katika kodi, ambako Sheria ya Fedha hurekebisha mambo kila mwaka, kitabu cha mwaka 2008 kinafaa kusomwa kama historia. Uliza pia kama vitabu vya kielektroniki vinapatikana kwa intaneti ya chuo, na umwombe mwanafunzi aliye karibu akuoneshe kimoja kikifunguka. Tumeona vyuo vyenye orodha ndefu ya vitabu vya mtandaoni na mtandao usiofungua hata ukurasa wa kwanza.

Maabara na karakana ndizo sehemu zinazoficha mengi. Mgeni huhesabu hadubini. Mwenye busara huuliza ngapi zinafanya kazi. Vumbi juu ya mashine ni ushahidi, na hali kadhalika mikono ya wanafunzi yenye mafuta. Swali lililotusaidia sisi wenyewe katika kazi yetu ni fupi: "Jaribio la mwisho mlilifanya lini, na mlikuwa wangapi kwa kifaa kimoja?" Liulize kwa wanafunzi watatu mbalimbali. Majibu yakifanana, umepata ukweli. Yakitofautiana sana, endelea kuuliza.

Kwa masomo ya afya, ulizia hospitali ya kufundishia kabla ya kuulizia jambo lingine lolote. Wanafunzi wa Muhimbili, wa Bugando jijini Mwanza na wa KCMC mjini Moshi husoma kando ya wodi. Mahali ambapo hospitali ni ya mbali au ya kuazima, mwanafunzi ajue atakwenda mara ngapi kwa juma, kwa usafiri wa nani, na kwamba kuna makubaliano ya maandishi. Anayetaka uhandisi, famasia, uuguzi au sheria aulize kama wahitimu wa programu hiyo wanakubaliwa na bodi au baraza la taaluma linalohusika. Shahada ya sheria, kwa mfano, haimfanyi mtu kuwa wakili. Kuna Shule ya Sheria baada yake, na ni haki ya mwombaji kuuliza waliotangulia wamefaulu vipi huko.

Watu wa kuuliza

Ofisa udahili atakupa majibu ya kanuni. Unayahitaji, kwa hiyo yaandike. Lakini mtu anayejua chuo ni yule anayelala ndani yake. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa programu uleule unayoikusudia. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kupokelewa, na wa mwaka wa mwisho mawazo yake yapo kwenye utafiti. "Samahani dada, ninafikiria kuomba hapa, naomba dakika tano" ni maneno yanayotosha. Kwa uzoefu wetu wanafunzi husema kweli wanapoulizwa na mdogo wao kuliko wanapoulizwa na mkaguzi.

Usiulize kama chuo ni kizuri. Uliza matokeo ya muhula uliopita yalitoka lini. Uliza kama nafasi za mafunzo kwa vitendo hutafutwa na chuo au kila mmoja hujitafutia. Uliza kama waliomaliza mwaka jana wamepata vyeti vyao. Uliza ni walimu wangapi wa programu hii wameondoka tangu yeye aanze, na somo gani halijapata mwalimu. Kila moja la maswali hayo lina jibu ambalo haliwezi kupambwa.

Kuna swali moja ambalo familia huona haya kuliuliza, na sisi tunasisitiza liulizwe: mwanafunzi anayetakiwa kutoa rushwa ya ngono ili apewe alama aende wapi? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa. Katika chuo kilicho makini wanafunzi wanajua dawati la jinsia liko chumba gani. Wakitazamana na kucheka, andika hivyo katika daftari.

Zungumza pia na mama lishe wa langoni na kijana wa bodaboda. Hao hawamo katika kipeperushi, na hawana sababu ya kukudanganya. Wanajua maji hukatika siku ngapi kwa juma, wanafunzi huibiwa simu katika kona gani, na hosteli ipi ina mwenye nyumba anayepandisha kodi katikati ya muhula.

Mwombaji mwenye ulemavu, au mzazi wake, asikubali jibu la "tutaangalia akifika". Njia ya kiti mwendo ipitiwe yote, kuanzia bweni hadi ukumbi wa mihadhara na hadi chooni, kwa sababu ngazi moja tu katikati huifuta njia nzima. Ulizia mkalimani wa lugha ya alama au vitabu vya nukta nundu kwa kutaka kuonana na mtu anayevishughulikia, si kwa kuuliza kama vipo.

Hesabu ya malazi na chakula

Hapa ndipo machozi mengi yanapoanzia, kwa hiyo tuelezane kwa tarakimu. Mabweni hayatoshi karibu kila mahali. Yale yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 yana nafasi 3,840, na bado wapo wengi wanaopanga nje. Uliza nafasi za mwaka wa kwanza hugawiwaje, na kama kupata bweni mwaka wa kwanza ni ahadi au ni bahati.

Tangu mwaka 2022 kiwango cha fedha za chakula na malazi katika mkopo wa elimu ya juu ni shilingi 10,000 kwa siku. Hulipwa kwa mafungu, na si kila mwombaji hupangiwa. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepata kiwango hicho chote, yaani shilingi 300,000 kwa siku 30. Tuseme amepanga chumba cha shilingi 70,000 kwa mwezi, akiwa mbali kiasi cha kupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa shilingi 600 kila moja. Kwa siku 22 za masomo nauli ni shilingi 52,800. Akila kwa shilingi 7,000 kwa siku, chakula ni shilingi 210,000. Jumla inafika shilingi 332,800. Amekwisha kupungukiwa shilingi 32,800 kabla ya sabuni, kabla ya kudurufu mhadhara mmoja, kabla ya kuugua. Tena wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, jambo ambalo mfano wetu umelifumbia macho.

Tarakimu za mji unaouendea zitakuwa tofauti na hizi. Zitafute siku ya ziara. Ingia katika nyumba mbili au tatu za kupanga, uulize bei kwa mwenye nyumba mwenyewe, kisha ule chakula cha mchana pale wanafunzi wanapokula. Rudi pia katika eneo hilo jioni, giza linapoingia, utembee kwa miguu njia ambayo mwanafunzi atapita. Kwa wazazi wa mabinti hili si la hiari.

Katika ofisi ya fedha omba mchanganuo wa malipo yote ya mwaka kwa maandishi, si ada ya masomo peke yake. Kuna usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya, mchango wa serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari, sare za maabara. Tumeona programu mbili zenye ada inayolingana zikatofautiana kwa mamia ya maelfu baada ya nyongeza hizo. Uliza pia ni kiasi gani hurudishwa iwapo mwanafunzi atajitoa kabla ya masomo kuanza, na ombi hilo huwasilishwa kabla ya tarehe gani.

Ikiwa huwezi kwenda

Wengi wa wasomaji wetu hawawezi kufika kila chuo wanachokifikiria, na hatuandiki kana kwamba wanaweza. Mtu wa pili anaweza kuwa macho yako: ndugu anayeishi mjini hapo, mwalimu wako wa zamani, mtoto wa jirani aliyeko mwaka wa pili. Mtumie maswali kwa maandishi, umwombe apige picha anazozichagua yeye, za ubao wa matangazo, za choo cha bweni, za rafu ya vitabu, si za lango. Maonesho ya elimu ya juu yanayofanyika Dar es Salaam katika viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa kawaida mwezi Julai, ni mahali pazuri pa kulinganisha programu na kuonana na watendaji wa vyuo vingi kwa siku moja. Ila hema si kampasi.

Kwa wanaokusudia kusoma nje ya nchi kupitia mawakala, tahadhari iwe mara mbili. Hakikisha kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi kilipo, na kwamba tuzo yake itaweza kutambuliwa nchini utakaporudi. Wasiliana na Watanzania wanaosoma hapo, si wale tu ambao wakala amekupa namba zao. Wakala anayekuharakisha ulipe leo kwa sababu nafasi zimebaki mbili aachwe azigawe nafasi hizo kwa wengine.

Baada ya kurudi

Kaa na familia jioni ileile au kesho yake, kabla vyuo havijachanganyikana akilini. Andika kwa kila chuo: kampasi, tarehe ya ziara, uliyoyaona mwenyewe, uliyoambiwa na nani. Tenganisha hayo mawili ya mwisho. Usikate shauri kwa sababu ya jambo moja lililokukera, kama mlinzi aliyekuwa mkali. Wala usikate shauri kwa sababu rafiki zako watatu wamechagua huko.

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Uhamisho baada ya hapo una masharti na muda wake, na hautolewi kwa kuomba tu. Malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au akaunti yenye jina la chuo, kamwe yasipitie simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa ofisa. Stakabadhi zihifadhiwe mpaka siku ya mahafali.

Iwapo ulichokiona chuoni kinapingana na kilichoandikwa katika Mwongozo wa Udahili, iwe ni programu inayofundishwa mahali isipoidhinishwa, au kampasi ambayo haimo kabisa katika orodha, tuandikie. Taja jina kamili la chuo, kampasi, programu, tarehe uliyofika na ulichokiona, na uambatishe nakala ya tangazo au barua uliyopewa. Si lazima uwe mwanafunzi wa chuo hicho. Malalamiko yenye tarehe na jina la kampasi hutuwezesha kutuma mkaguzi mahali sahihi. Yale yanayosema tu kwamba chuo fulani hakifai hutulazimu kukuandikia kwanza tukuulize ni wapi na lini.